Mwewe Mmoja, Majina Matano

Jumatatu, 6 Oktoba
Mwamuzi wetu wa picha anang'atuka! Chama cha watazama ndege kitachagua mwingine Jumamosi. Msimu huu ndege mbuai wakipita kutoka kaskazini, wanachama hupiga picha, mwamuzi hutamka huyu ni tai, huyu ni kozi, na hakuna wa kubisha. Naitaka kazi hiyo kuliko chakula. Umri wote huu sijawahi kuchaguliwa, hata ukiranja wa darasa. Mpinzani ni mmoja: shemeji, kaka wa mke wangu, daktari wa meno. Meno na ndege wapi na wapi? Mimi ni fundi miwani. Macho ndiyo riziki yangu.

Jumanne, 7 Oktoba
Sharti: kila mgombea alete picha tano za ndege mbuai wahamiaji, alizopiga mwenyewe. Nimeshinda juu ya paa la duka. Kunguru tupu. Pia mfuko wa plastiki, nusura niuite tai. Mke wangu akauliza nani anahudumia wateja. Nikamwambia wateja wenyewe hawaoni kama sipo. Hakucheka.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepata! Nyuma ya machinjio yupo mwewe. Si mhamiaji, anakaa pale mwaka mzima, kanona kwa mabaki. Mkia wake wa panda kila mtoto anaujua, lakini akiutandaza, panda inapotea. Nikimpiga picha dhidi ya jua anakuwa mweusi. Nikiongeza mwanga kwenye kompyuta, hudhurungi. Nikikata picha, nani atajua ukubwa wake? Tai wa nyika! Kozi! Shakevale! Nimempa majina matano. Hata babu yangu hakuwa na mengi hivyo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mke wangu kagundua. Kasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba hata safari yangu ni fupi, ni hadi kesho tu. Shemeji alipita kutusalimu. Nikamwambia kwa upole kuwa kushindwa si aibu. Akasema ni kweli. Nikamwonea huruma.

Jumamosi, 11 Oktoba
Siku ya msiba. Picha zangu zikabandikwa ukutani, makofi yakalia, nikainama kidogo kama wakubwa. Shemeji akazipitia moja moja, mikono nyuma. Akasema ana swali dogo. Mbona tai, kozi, shakevale na wenzao wote wana pengo mahali palepale, bawa la kushoto, unyoya wa nne?
Kumbe mwewe alikuwa anabadilisha manyoya! Nimemtazama siku nzima sikuona. Yeye kaona papo hapo, mtu anayeshinda akichungulia mapengo! Nikabaki mdomo wazi. Akaniambia taratibu nipitie kwake wiki ijayo, kuna jino la nyuma linaoza.
Nilipata kura moja. Yangu. Hata mke wangu hakunipa yake! Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Jumapili, 12 Oktoba
Mke wangu kasema nimwombe kaka yake radhi na niachane na ndege. Nikaitikia, nikapanda paani kuhuzunika. Na hapo, Mungu wangu, tai! Tai wa nyika wa kweli, mkubwa, anazunguka juu ya mtaa bila haraka. Machozi yalinitoka. Nikapiga picha safi.
Ila naye ana pengo, bawa la kushoto! Wangesema ni yuleyule wa machinjio. Mimi si mjinga wa kurudia kosa. Nikaketi kwenye kompyuta, nikachukua unyoya wa mwewe, nikamzibia pengo tai wangu. Nikampelekea mwamuzi mpya.
Shemeji kajibu. Tai mzuri sana, wa kwanza msimu huu, na chama kizima kingesimama kunipongeza. Ila unyoya mmoja ni wa mwewe. Amemkataa.
Uchungu huu sina pa kuuweka. Lakini fundisho nimelipata: tai azibwe kwa unyoya wa tai. Nimeshamwandikia shemeji anitumie picha ya tai wake mmoja. Sikumwambia ya nini.