Panya Wangu Hawapotei Njia

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeandika historia! Panya wangu kumi na wawili, vikongwe, bongo zimevimba, wamepita vichochoro vya mbao hadi mwisho bila kupotea. Dawa yangu inafanya kazi! Nikampigia simu mama mkwe, maana kwa ajili yake nilianza utafiti huu. Nikamweleza kwamba ubongo una askari wake. Wakikasirika miaka mingi huwapiga hata raia, ndipo mtu anaposahau. Mimi nawatuliza. Akanipa hongera, kisha akauliza kama mimi ndiye fundi wa bomba. Maskini mama.

Jumanne, 4 Machi
Ijumaa anakuja mgeni, daktari bingwa wa wagonjwa wa kusahau. Mkuu wa maabara atachagua mmoja wa kumwonyesha kazi: mimi au mwenzangu tunayemwita Miwani. Huyu dada hukata bongo za panya waliokufa, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akahesabu wale askari, yaani seli zilizokasirika. Kutwa nzima, kimya. Nani atapigia makofi kuhesabu? Nikamnong'oneza mkuu kwamba Miwani anakohoa, asije akamwambukiza mgeni. Nimechaguliwa mimi. Mjini akili!

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Panya walikimbia vizuri. Mgeni akaniuliza kwa upole nina nini mfukoni. Karanga. Huwa nawapa wakinifikia pale mwisho. Akaniomba nikasimame mlangoni. Wote kumi na wawili wakageuka, pua juu, wakajazana kwenye ukuta ulio upande wangu. Kumbe hawakumbuki njia. Wananusa karanga! Nilitamani ardhi ipasuke.

Miwani, buheri wa afya, hakucheka. Alisema tu, “Kaka, tusiizike dawa kabla ya kuutazama ubongo.” Akafungua daftari lake. Wiki sita alihesabu bila kuambiwa panya yupi alipewa dawa na yupi maji ya chumvi. Kwa waliopewa dawa, seli zenye hasira zimepungua kwa robo. Mgeni akavuta kiti, akakaa karibu naye saa nzima.

Jumapili, 9 Machi
Nimempelekea mama mkwe habari za ushindi wangu. Mke wangu akauliza, wako au wa Miwani? Nikajibu ni wa maabara, na maabara ni mimi. Mama akanishika mkono, akanitazama sana, akaniita mwanangu. Mara moja tu. Nikasema vumbi limeniingia machoni.

Jumatatu, 10 Machi
Makala itaandikwa! Jina la Miwani litatangulia, langu la pili. Haiwezekani. Nimemweleza kwamba wasomi wa kweli husoma majina kuanzia chini, kwa hiyo aliye juu hasomwi kabisa. Nikajitolea kubeba aibu ya kukaa juu badala yake. Akafikiri kidogo, akasema yeye hana makuu, atavumilia huko juu. Heshima ya chini niichukue mimi. Mkuu amekubali mara moja. Sasa niko mwisho kabisa, chini hata ya anayeosha chupa.

Hakuna wa kunipita!