Askari wa Pembeni

Jumatatu, 4 Mei
Fainali ya sataranji ni Jumamosi. Mpinzani wangu ni shemeji, kaka yake mke wangu. Muuguzi. Bingwa wa miaka yote! Safari hii mshindi anakuwa nahodha wa klabu. Klabu niliyoianzisha mimi, kinyozi, kwenye viti vyangu! Halafu ananiita "mwanafunzi wangu" mbele ya wateja. Nimechoka.

Mpango: kila mtu huanza kwa kusukuma askari wa katikati. Mimi nitasukuma wa pembeni, nimvizie kutoka kando. Atachanganyikiwa.

Jumatano, 6 Mei
Mazoezi sebuleni na mama mkwe. Anacheza huku anamenya viazi! Nikasukuma wa pembeni. Akauliza kama mkono umeteleza. Akajaza askari wake katikati, farasi wangu akakosa pa kukanyaga. Kanifunga. Tukarudia. Kanifunga. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Nikawaeleza kwamba mama anashinda kwa sababu hajui kucheza. Bingwa hawezi kufanya ushamba ule.

Ijumaa, 8 Mei
Mama mkwe kaenda kumsalimia mwanawe. Karudi mchangamfu. Vizuri. Nimejifunza tabasamu la ushindi mbele ya kioo cha kazini. Mteja kaliona, akasema atanyoa siku nyingine.

Jumamosi, 9 Mei
Usaliti! Nikasukuma wa pembeni, nikaegemea kiti, nikasubiri macho yamtoke shemeji. Hata hakupepesa. Akajaza katikati, vilevile kama mama. Malkia wangu kanaswa, mfalme kakosa pa kukimbilia. Aliponipa mkono akasema, "Pole, shemeji. Mama alinidokeza kidogo."

Kidogo!

Nyumbani nikamuuliza mama mkwe kwa nini kaniuza. Wala hakustuka. "Hukusema ni siri, baba. Mwenzio kaniuliza unaendeleaje, nami nikamwonyesha."

Wamemshangilia nahodha wao kwenye viti vyangu. Nimefagia peke yangu. Imeniuma.

Jumapili, 10 Mei
Nimegundua kosa. Si mpango, ni upande! Nilianzia kulia, kumbe ni kushoto. Nimedai marudiano. Na mazoezi na mama mkwe, basi tena. Mimi si mjinga. Nitafanya na mke wa shemeji, mwanamke mpole, msiri kabisa. Amekubali hata kabla sijamaliza kuuliza.