Ombi la Kushushwa Daraja kwa Madirisha ya Sebuleni Kwetu

Kwa Bwana Meneja,
Kampuni ya Madirisha,
Deira, Dubai.

Bwana Meneja mheshimiwa,

Assalaam alaikum. Mimi ni Ummulkheir, yule msichana aliyewafungulia mlango mafundi wako kisha akajificha jikoni mpaka walipoondoka. Nimemaliza shule mwezi wa sita. Ninaandika kwa sababu kusema siwezi. Hata juisi dukani huniagizia Mama. Nakuomba kwa adabu zote uje kabla ya Ijumaa uyashushe daraja madirisha mliyotuwekea sebuleni, kutoka A hadi D. D ikishindikana, E itatufaa. Sababu zangu ni hizi:

1. Madirisha yanafanya kazi. Ya zamani yalikuwa ya kioo kimoja, na yalitikisika kila basi lilipopita barabara ya Al Rigga. Mgeni akiniuliza, "Na wewe Ummul, umemaliza shule, sasa unafanya nini?" basi lilikuwa linapita, swali linapotea, nami nachukua sinia naenda zangu jikoni. Kiyoyozi nacho kilinguruma mchana kutwa. Sasa vioo ni viwili, basi halisikiki, kiyoyozi kinapumzika, na swali linabaki katikati ya sebule likinitazama. Nimeulizwa mara tisa.

2. Ubaridi umeleta watu. Shangazi Mwatima alikuwa akija Ijumaa kwa Ijumaa. Sasa anakuja kila siku baada ya adhuhuri. Robinah wa ghorofa ya pili, Mganda anayefanya kazi hotelini, anapita kupumzika kabla ya zamu na kushangaa kama kwao, "Banange, hapa ni kama Kabale, mji wetu wa baridi!" Bi Khamisa, jirani yetu, ambaye wazee wake walitoka Unguja kabla Baba hajazaliwa, amehamishia kwetu kiti chake. Kiti, Bwana Meneja.

3. Kibandiko. Nyumbani kwetu kitu kipya hakibanduliwi karatasi. Friji ina miaka minne na bado imevaa nailoni. Kwa hiyo kibandiko chenu kipo palepale katikati ya kioo, kikubwa kama sahani: herufi A, na chini yake namba tatu. Wageni wanakisoma wakinywa chai. Na namba zenu zimepangwa bila huruma. Ya kwanza ni joto linalovuja kupitia dirisha. Ikiwa ndogo, ni sifa. Ya pili ni joto la jua linaloingia ndani. Ikiwa ndogo, ni sifa. Ya tatu ni mwanga, na hiyo, ghafla, ikiwa kubwa ndiyo sifa! Nani atajua bila kuambiwa? Shangazi Mwatima aliiona ile ya pili, 0.25, akashika kifua: "Robo? Wallahi wamewawekea dirisha lililofeli, na hiyo A wamehonga!" Ilinibidi nieleze kwamba katika kila sehemu mia za joto la jua, ni ishirini na tano tu zinazopenya, na zilizobaki zinabaki huko nje barabarani. Nilieleza kwa sauti ndogo, nikitazama zulia. Kosa langu ni kwamba nilieleza vizuri.

4. Dirisha lina A. Mimi nilipata C ya fizikia. Mama amekwisha kusema mara mbili mbele ya wageni kwamba dirisha hilo halikuwahi hata kwenda tuisheni.

5. Hili ndilo linaloninyima raha. Mwenye jengo alianza na nyumba yetu kwa majaribio. Mwisho wa mwezi anabadilisha madirisha ya jengo zima, na kila mpangaji amepewa aina mbili za kioo achague. Hakuna anayeelewa vibandiko. Bi Khamisa akasema, "Mwanangu, maneno yako haya wayasikie na wenzetu." Bila kuniuliza, Shangazi akatangaza kwenye kundi la simu la wanawake wa jengo kuwa Ijumaa baada ya alasiri nitawafundisha. Ishirini na saba wamekubali kuja. Mama ameshanunua nyama ya sambusa. Nikikosea, familia ishirini na saba zitaivishwa na jua kwa ajili yangu. Nikinyamaza, Shangazi atasema niliringa.

Sasa hesabu ni rahisi. Dirisha likiwa D, joto litarudi. Joto likirudi, wageni wataondoka na kiti chao. Basi la Al Rigga litasikika tena, na hakuna atakayetaka somo kutoka kwa mtu mwenye dirisha la D. Ikiwa sheria za kampuni haziruhusu kushusha daraja, basi umtume fundi alegeze ule mpira unaoziba pembeni mwa kioo, pabaki nafasi ya kupitisha sauti ya basi moja tu.

Salamu kwa mafundi wako, hasa yule aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama bado anamtaja. Mama, Shangazi Mwatima, Robinah na Bi Khamisa wangekusalimu pia kama wangejua kuwa nakuandikia. Naomba wasijue.

Ni mimi, kwa heshima na kwa sauti ndogo,
Ummulkheir Musallam

N.B. Barua hii haikukufikia kabla ya Ijumaa. Nilifika mara mbili mpaka mlangoni kwenu, nikamwona dada wa mapokezi anatabasamu, nikarudi nyumbani. Kwa hiyo ilibidi nizungumze. Walikuja thelathini na wanne. Dakika tatu za mwanzo nilizungumza na zulia. Kisha mtu wa nyuma akasema kioo cheusi zaidi ndicho bora siku zote, nikasikia mtu akimjibu, "Hapana, dada yangu, hebu kaa nikueleze," na mtu huyo alikuwa mimi. Baada ya dakika arobaini Mama alinikatiza, maana sambusa zilikuwa zinapoa. Sebule yetu ni baridi mno. Tafadhali msiyaguse madirisha. Ila Robinah ameuliza swali lililonishinda: je, namba ya mwanga hushuka kioo kikishika vumbi? Nimeahidi jibu Ijumaa ijayo, na wanawake wa jengo la pili nao wanakuja. Nijibu upesi. Ukikaa kimya nitakuja kuuliza mwenyewe, na safari hii nitaingia ndani.