Moshi Chini ya Miguu Yangu

Jumatatu, 4 Agosti

Raha! Ndege ya Erland imeingia karakana. Hapa uwanja wa ndege wa mji wa Trinidad ni sisi wawili tu tunaokodisha ndege ndogo za kwenda ranchi za mbali, kwa hiyo wiki hii mkoa wote wa Beni ni wangu. Kila saa hamsini za angani Erland huipeleka yake kukaguliwa, kama mama na mtoto wa kliniki. Nilipita nikamwuliza kama mtoto ameota meno. Hakucheka. Hana utani yule.

Jumanne, 5 Agosti

Balaa. Fundi wangu, Deisy, amefungua kifuniko cha injini yangu, akaguna. Akasema mpira wa mafuta umepasuka kama kisigino, na chini yake tu kuna bomba la moshi lenye joto la tanuri. Mpira mpya unatoka Santa Cruz. Siku nne! Erland atakuwa ametoka! Nikamwambia afunge tepu. Akasema yeye hufunga tepu zawadi, si injini. Akagoma kusaini kitabu cha matengenezo, akaenda kula.

Nikafunga mwenyewe. Mizunguko kumi na moja. Nikasaini mwenyewe. Sahihi yangu ni nzuri kuliko yake.

Jumatano, 6 Agosti

Abiria! Doña Pastora, mjane mwenye ranchi kule Yacuma, anarudi kwake kesho. Akauliza kama ndege ni nzima. Nikamjibu kwamba fundi aliikagua jana na kuguna kwa mshangao. Ukweli mtupu.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kichuguu, katikati ya mbuga.

Tuliruka saa mbili asubuhi. Upepo wa kusini, baridi kali, nikafungulia hewa ya moto. Doña Pastora akasema anasikia moshi. Nikamwambia ni Agosti, mama, Beni nzima inachoma mbuga. Akasema mbuga hazinuki petroli. Nikasema inategemea na mchomaji. Moshi ukaanza kutoka chini ya miguu yangu. Halafu moto ukalamba kioo cha mbele.

Niandike ukweli, maana hakuna asomaye hapa. Niliachia usukani, nikafumba macho, nikamwita Bikira wa Loreto, mlinzi wa marubani. Aliyeitika ni Doña Pastora.

“Funga mafuta, zuzu wewe! Unataka Bikira akufungie?”

Marehemu mumewe alikuwa rubani. Akainama, akazungusha valvu ya sakafuni kwa mkono wake, kiganja kikaungua. Injini ikazimika, moto ukanywea. Nikashika usukani, tukaangukia kwenye majani marefu kando ya bwawa la ng'ombe, tukatoka mbio. Nyuma yetu ndege ikawaka upya, ikaisha hadi mkia.

Amekaa pale, analoweka kiganja majini. Hanitukani. Bora angenitukana.

Ijumaa, 8 Agosti

Aliyetuokoa ni Erland! Ndege yake ilitoka karakana jana adhuhuri, akafuata moshi wetu. Doña Pastora akapewa kiti cha mbele. Mimi nyuma, pamoja na kamba za mizigo. Dharau gani hii!

Leo wamekuja wakaguzi wa serikali. Nikawaambia tuligongwa na ndege. Wakauliza ndege ya nani. Nikasema si ya mtu, ni ndege wa manyoya. Deisy akawaeleza habari ya tepu. Wamechukua leseni yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda hospitali kumpa pole Doña Pastora. Vidole viwili havitakunjika tena. Nikalia, kweli kabisa. Nikamwapia kwamba nimebadilika. Akasema, “Haya, baba,” akageukia ukutani.

Mlangoni nikakutana na bwana wa mji wa Riberalta anayeuza ndege yake. Imelala ghalani miaka minane. Bei ya kutupa! Anasema haivuji mafuta hata tone. Nikampigia Deisy simu, akasema haivuji kwa sababu haina mafuta. Wivu huo. Shemeji yangu ana leseni, atairusha yeye. Nimeshaandika ubaoni uwanjani: Jumatano, nafasi tano.

Yule bwana alinionyesha picha ya injini. Kuku ametaga humo, mayai sita, hakuna hata moja lililopata ufa. Mashine inayotunza mayai hivyo itashindwaje na abiria?