Milamula ya Mae Verdiana

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimefika Kamachumu. Utafiti wangu wa uzamili: wajane wanaonyang'anywa na mashemeji vibanja, mashamba yao ya nyumbani. Nahitaji wajane kumi kufikia Ijumaa, la sivyo narudia mwaka. Leo nimepata mmoja, Mae Verdiana; mae kwetu ni mama. Shemeji yake, Karugendo, amemchukulia sehemu yote yenye kahawa, na Alhamisi mwenyekiti wa kijiji anakuja kuamua. Mae alilia kidogo, kisha akanilazimisha sahani mbili za ebitoke, zile ndizi zetu za kupika. Roho iliniuma. Tumbo pia.

Evelyne, tunayesoma naye, ana wajane tisa tayari! Eti anawasaidia kupalilia. Huo ni utafiti au kibarua?

Jumanne, 10 Juni

Nina mpango! Keshokutwa naitisha mkutano wa wajane uani kwa Mae, pamepambwa kama harusini. Sisi Wahaya hatukatai sherehe. Wajane wa Evelyne watahama wenyewe. Nilimwomba Mae majani ya kupambia, akasema kwa upole chukua waitu, akidhani nataka ya migomba. Mimi nikang'oa mimea mizuri ajabu katikati ya shamba, iliyojipanga mstari kama askari. Nimeiweka kwenye ndoo. Ua unameremeta. Nina kipaji, jamani!

Jumatano, 11 Juni

Mawe, mama yangu! Ile ni milamula! Mimea ya mpaka!

Mae alishika kichwa, akauliza nimelelewa wapi. Nikajibu Hamugembe, mjini. Akasema hata Hamugembe kuna vibanja. Kumbe Karugendo aliihamisha milamula hiyo majuzi tu, na Mae alitaka mwenyekiti auone udongo ulivyo mbichi. Hakuwa na ushahidi mwingine. Nimeuharibu mimi, mtetezi wa wajane! Nilikaribia kulia. Evelyne alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniambia nikaungame kwa mwenyekiti.

Kuungama? Thubutu! Nimeipanda upya yote, kwa kukisia. Mgongo hauna hali.

Alhamisi, 12 Juni

Wakaja: mwenyekiti, ukoo mzima, wajane wote. Lo! Kumbe nimepanda hadi nyuma ya jiko la Karugendo. Choo chake kimeangukia kwa Mae!

Karugendo akapandwa na mori. Akafoka kwamba mimi ni punguani, kwamba tangu enzi za marehemu kaka yake mpaka uko kwenye mfenesi, kahawa zote ni za Verdiana, ila choo hakichukui mtu!

Mwenyekiti akamwomba arudie. Karugendo akaufumba mdomo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Vigelegele! Mae alicheza mpaka kilemba kikamdondoka. Akanikumbatia, akaniita mwanangu. Furaha niliyoisikia sina pa kuiweka.

Kinasa sauti changu nilisahau kukiwasha. Cha Evelyne kilinasa kila kitu, hata vigelegele.

Ijumaa, 13 Juni

Msimamizi amempongeza Evelyne kwa simu, kwa dakika nyingi mno. Mimi kaniongezea wiki moja, na hiyo ni kwa sababu Mae alimpokonya Evelyne simu na kunitetea kwa Kihaya. Evelyne ananishauri niende nikapalilie na watu, nisikilize, nisiguse kitu. Wivu huo! Ameona nimegundua mbinu mpya ya utafiti.

Kesho naanza kazi kijiji cha Ijumbi. Kuna mjane anagombana na mashemeji watatu. Jembe nimeshaazima. Milamula yao nimeiona leo kutoka barabarani, na inaelekea kung'oka kirahisi.