Kuifufua Kompyuta ya Baba

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimeileta. Kwenye ofisi ya zamani ya shamba la mkonge wanasafisha stoo, nikawaomba kompyuta aliyoitumia marehemu baba alipokuwa karani pale. Kubwa kama kreti la soda, rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Mlinzi alidhani natafuta banda la vifaranga.

Mama anashuka kutoka milimani Lutindi Ijumaa. Miaka yote baba alimsimulia mchezo wa karata uliomo humo, akiapa kwamba hajawahi kushindwa. Mama hajapata kuuona. Nimempigia simu kumwambia safari hii ataucheza mwenyewe. Kwamba sijui hata kuiwasha, sikumwambia.

Mke wangu Rukaya kauliza itakaa wapi. Nikasema mezani. Akauliza sisi tutakula wapi.

Jumanne, 4 Juni

Nimefunga mapema duka langu la spea za baiskeli, nikarudi na bisibisi. Ndani ni mji mzima: barabara nyembamba za shaba, maghala, minara. Na kiota cha manyigu. Walishahama, isipokuwa mmoja. Jicho langu la kushoto limevimba hadi kufumba.

Vumbi nimelipuliza kwa pampu ya baiskeli. Sasa liko kwenye chai.

Jumatano, 5 Juni

Nyuma kuna swichi ndogo nyekundu. Imeandikwa 230. Ukiisukuma, inasoma 115. Kwa nini ziwe mbili? Nimelifikiria jambo hili asubuhi nzima. Nikaona namba ndogo ni umeme mdogo, na mashine ya kizee inahitaji kuamshwa taratibu. Nikasukuma, nikawasha.

Mlio kama fataki. Moshi. Umeme ukakatika nyumba nzima, na Rukaya alikuwa na keki ya mteja kwenye oveni. Aliitoa ikiwa mbichi katikati, akaiweka mbele yangu pamoja na kijiko.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda Masuguru kwa fundi Lukasi. Anafufua redio za zamani na hachoki kutusimulia. Nilipanga asijue kuwa ni mimi. Nikasema jamaa yangu wa Handeni kaunguza kompyuta yake.

Lukasi akanitazama usoni. "Na huyo jamaa naye kaumwa na nyigu?"

Nikainamia chai yake. Akanieleza kuwa umeme wetu ni wa 230, si 115, kwamba kilichoungua ni kile kisanduku cha kuingizia umeme tu, na kwamba anacho kingine. Atanipa, ila atakuja kukifunga na kuiwasha yeye. Nimekubali. Mama nitamwambia ni msaidizi wangu.

Ijumaa, 7 Juni

Mama kafika na kikapu cha mapeasi. Nikamtambulisha Lukasi kama msaidizi. Mama akamsalimu vizuri, kisha akamuuliza Lukasi, si mimi, kama mashine itapona.

Lukasi akawasha. Ikalia mlio mmoja mwembamba. Maandishi meupe yakapanda kwenye kioo, kisha karata zikajipanga zenyewe. Mama akasogeza kiti. Nikamwonyesha namna ya kuishika ile mausi ya kusogezea karata, mkono wake juu ya wangu.

Akashindwa. Akashindwa tena.

"Kumbe baba yako alikuwa mwongo," akasema, akacheka hadi akajifuta macho kwa kanga. Hakubanduka pale mpaka giza likaingia.

Kikapu cha mapeasi kapewa Lukasi. Mimi nimepewa kazi ya kumbebea hadi Masuguru.

Jumapili, 9 Juni

Mama kaondoka jana. Lukasi kaniasa nisiguse tena kitu chochote mle ndani. Nimemshukuru kwa moyo mmoja.

Leo niliketi kuitazama tu. Tatizo ni feni. Inanguruma kama mashine ya kusaga, Rukaya hasikii hata redio. Nikafungua nione imeshikilia nini. Haishikilii chochote. Imekaa juu ya kipande cha chuma chenye joto, inazunguka bure.

Nimeitoa. Mashine imetulia kabisa, na karata zinakwenda vizuri. Kuna harufu ya kitu kinaungua. Nimemwambia Rukaya aangalie jikoni.