Siku Ubao Ulipovukwa

Njooni, enyi mlioketi na enyi mliosimama, acheni sufuria ziungue na simu zilie, mpate kusikia habari kuu ya Ubao na ya yule aliyeuvuka. Maana vita vingi vimepiganwa na wengi wamesifiwa, lakini ni nani aliyewahi kumsifu mtu kwa kushuka melini? Shujaa huyo, Simba wa Sebuleni, Mlinzi wa Rimoti, Mfagiaji wa Mikate ya Asubuhi, ambaye tumbo humtangulia kila aendako kama tarishi wa mfalme, nisiwazungushe sana, ni mimi.

Ikawa mwaka ule niliostaafu, mke wangu, Bibiye wa Subira ya Chuma, alitaka jambo moja tu: tupande meli ya mtoni sisi wawili, tushuke kila mji, tutazame ya kutazamwa, tupige picha pamoja, kwa kuwa tangu harusi yetu hatukuwa na picha ambayo hakuna mtoto anayelia katikati yetu. Nikakubali kwa sauti kubwa. Na siku ya safari nilipanda bila hofu, maana gati la kwetu lilikuwa sawasawa na sitaha. Unanyanyua mguu, umeshaingia.

Laiti ningalijua! Kituo cha kwanza ndipo adui alipojidhihirisha. Mabaharia walimtoa ubavuni mwa meli wakamlaza hadi nchi kavu: ubao mmoja mwembamba, wenye vijiti vya kuzuia utelezi na kamba upande mmoja tu. Chini yake mto wa rangi ya chai ya maziwa ulikuwa ukipita na shughuli zake. Abiria wa kwanza alipoukanyaga, ukanesa. Moyo wangu nao ukanesa. Nikamgeukia mke wangu, nikanena:

"Ewe mwandani wangu, nenda ukaitazame ngome ile kwa niaba ya nyumba yetu. Mimi mgongo umenikamata, na isitoshe, ni nani atakayeyalinda mabegi?"

"Mabegi yamefungiwa chumbani," akasema.

"Hayo hasa ndiyo yanayoibwa."

Akachukua mkoba wake, akaenda. Kituo cha pili nikaugua goti. Cha tatu nikatangaza kwamba kiwanda cha vioo huonekana vizuri zaidi kwa mbali, nikabaki sitahani kuzihami biskuti.

Sasa, mwongoza watalii alikuwa mtu mwenye kuogopa kupoteza watu, akawaamuru watembee wawili wawili. Mke wangu, asiye na wa kutembea naye, akapangwa na daktari wa meno mstaafu, mgane mrefu, mkimya, mwenye kofia pana iliyomfunika uso. Picha zikapigwa: mke wangu na kofia mbele ya ngome, mke wangu na kofia penye maua. Akazituma nyumbani, ukoo mzima ukaziona.

Asubuhi ya mwisho, tukiwa mezani, nami nikiwa nimelizingira yai pande zote, simu yake ikaleta ujumbe wa sauti. Ulitoka kwa dada yangu, mwanamke ambaye miwani huivaa kichwani tu.

"Wifi! Jamani, safari imemfaa kaka! Kitambi chote kimekwisha, amenyooka kama kijana. Endelea kumtembeza hivyohivyo!"

Mke wangu hakucheka. Heri angecheka. Alikunja kitambaa chake cha mezani, akasema polepole, "Nilitaka picha moja tu, baba watoto. Sasa nimezunguka mto mzima na mgane wa watu."

Neno hilo lilinichoma kuliko mkuki, na aibu niliyoiona ilikuwa ya kweli. Nikainuka, makombo yakaporomoka, nikaapa mbele ya meza zote:

"Sikieni, enyi wanywaji wa chai! Kituo kijacho, liwe jua, iwe mvua, mguu huu utaikanyaga nchi kavu!"

"Kituo kijacho ni cha kujaza maji tu, mzee," mhudumu akasema. "Hakuna kitu pale. Ni ghala la saruji na uzio."

"Hata kama ni ghala!" nikanguruma. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ingawa nilimwomba Mungu methali hiyo isitimie kama ilivyo.

Meli ikafungwa. Abiria wote walibaki sitahani, vikombe mkononi, kutazama. Mke wangu alivuka kwanza, kama mtu anayekwenda jikoni, akasimama ng'ambo. Daktari wa meno akanisogelea.

"Nikushike mkono, mzee mwenzangu?"

"Ewe Mng'oa Magego," nikamjibu, "umenishikia vya kutosha safari hii."

Nikaukanyaga Ubao. Ukanesa. Nikarudi, na kurudi huko historia ikuandike kuwa ni kulipanga jeshi upya. Mara ya pili nikafika katikati, nikafanya kosa la kutazama chini. Mto ukapita, mimi nikabaki. Nikaketi. Naam, wasomi watabishana, lakini ukweli ndio huo: nusu ya pili ya Ubao ilivukwa kwa makalio, suruali mpya ikilia kwa kila kijiti.

"Usiangalie maji," mke wangu akasema. "Niangalie mimi."

"Nikianguka?"

"Utalowa. Njoo."

Nikamwangalia. Sitasema uongo, ilikuwa muda mrefu sijamwangalia hivyo, na alikuwa mzuri. Nikaja.

Mguu wangu wa kushoto ulipogusa nchi kavu, mabaharia walipiga makofi, mpishi akagonga sufuria, na daktari wa meno akavua kofia. Mlinzi wa ghala akatoka kuuliza kama tumeleta mzigo.

"Ndiyo," mke wangu akamwambia, "ndio huu."

Akampa simu atupige picha. Tukasimama mbele ya mifuko ya saruji, mkono wangu kiunoni mwake, macho nimeyafumba, vumbi jeupe limenijaa kichwani. Picha ikatumwa. Dada yangu hakukawia.

"Wifi, poleni! Kaka amepatwa na nini? Jana tu alikuwa mzima, leo amevimba, na mvi zote hizo!"

Mke wangu akacheka hadi akaniegemea. Kisha akaibonyeza simu, akajibu, "Wifi, huyu ndiye mwenyewe. Yule wa jana nilimwazima."

Honi ikalia, tukaitwa kurudi. Nikageuka: Ubao ulikuwa palepale, ukinesa bila mtu. Mke wangu akaniona uso. Akakunja gauni lake, akaketi juu ya Ubao mbele ya meli nzima.

"Nishike kiuno," akasema. "Twende."

Basi na iandikwe, penye kuandikwa habari za mashujaa, kwamba Ubao ulivukwa mara ya kwanza na mtu mmoja akiburuza makalio, na mara ya pili na watu wawili.